Magunia 11 ya dania yaliyonuka kunguni: kisa cha Bahati, Nakuru

Simu ilikuja Ijumaa jioni. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wakulima kule Bahati, mzee ambaye huanza kila mazungumzo kwa kuulizia mama, watoto na ng'ombe, safari hii aliziruka salamu zote. "Mwalimu, mzigo umerudishwa. Wote. Wanasema unanuka kunguni."

Mzigo wenyewe ulikuwa magunia 11 ya mbegu za dania, zile ambazo watu wa Pwani huziita giligilani, zilizopelekwa kwa msagaji mmoja wa viungo mjini Nakuru. Kijana wa kupokea mizigo alifungua gunia la kwanza, akachota konzi moja, akazifikicha viganjani, akanusa, akalifunga. La pili vivyo hivyo. La tano hakulifikia. Hakuna kipimo kilichotumika wala karatasi iliyoandikwa. Pikapu ikageuza ilikotoka, na nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu ya kikundi.

Ninakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu chanzo chake hakikuwa uzembe. Wakulima wale walipalilia, walikausha juu ya turubai safi, walipepeta, walishona magunia mapya. Walichokosa ni habari moja kuhusu kinachotokea ndani ya tunda lenye upana wa milimita 4 hivi, katika wiki tatu za mwisho kabla ya kukatwa. Mimi ninayeitwa mwalimu ndiye niliyepaswa kuwapa habari hiyo. Niliwafundisha kukausha. Kuhusu kuiva sikusema neno, nikidhani kila mtu anajua mbegu ikiiva ikoje.

Walivyoingia kwenye biashara ya mbegu

Kikundi hakikupanda dania kwa ajili ya mbegu. Walipanda Aprili, mvua za masika ziliposhika, wakilenga kuuza majani kwa mafungu katika soko la Wakulima mjini. Dania ya majani hukatwa baada ya wiki tano au sita hivi. Lakini mvua ikinyesha vizuri, kila mwenye robo ekari ana dania, na bei ya fungu huanguka hadi mtu anaona heri aiache shambani kuliko kulipia usafiri. Ndivyo ilivyokuwa. Mimea ikarefuka, ikatoa maua meupe yenye wekundu wa mbali, na Juni shamba zima lilikuwa likivuma nyuki.

Hapo akatokea broka. Akawaambia mbegu zina soko, na kwamba wanunuzi wenye pesa wanataka mbegu ya kijani. Nitalirudia neno hilo baadaye, maana ndilo lililobeba hasara yote.

Katikati ya Julai wakakata. Walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni hilo la kijani. Ya pili ni mawingu. Anayelima Nakuru anajua kwamba baada ya masika huwa kuna mvua nyingine inayokuja Agosti, na mbegu ya dania ikinyeshewa ikiwa imekauka shinani hugeuka nyeusi na kupoteza bei. Woga huo ulikuwa wa haki kabisa. Wakakata shamba lote kwa siku mbili, wakapukuchua palepale mbegu zikiwa bado na unyevu, wakazianika kwenye jua kali siku tatu, wakazitia katika magunia yenye mfuko wa plastiki ndani ili unyevu usirudi.

Nilivyoanza pabaya

Jumamosi asubuhi nilipanda matatu kwenda Bahati nikiwa tayari nimekwisha kujiamulia chanzo. Nilidhani ni ghala. Magunia, hata mapya, hulazwa mahali. Huenda yalilala na vitu vingine. Huenda kulikuwa na kunguni kweli, au kuna aliyepuliza dawa karibu na mzigo. Nikatumia karibu saa tatu kugeuza magunia, kukagua mishono, kunusa mbao za rafu. Nikauliza kuhusu dawa za shambani: walipuliza mara moja tu, mimea ikiwa michanga, kwa sababu ya vidukari. Kipimo changu cha unyevu kilisoma asilimia 10 na kidogo, kiwango ambacho mbegu ya dania hukaa bila shida. Ukungu haukuwapo. Nilivunja mbegu kwa meno, zikakatika kwa mlio mkavu.

Yote hayo nikiyafanya, alikuwepo shosho mmoja, mwanachama wa kikundi tangu kilipoanza, ameketi juu ya debe lililopinduliwa akinitazama. Mwishowe akasema, "Mwalimu, wewe unatafuta mdudu. Hapa hakuna mdudu. Hii harufu niliisikia huko shambani siku ile tukikata. Mikono yangu ilinuka hivi hadi usiku, nikanawa kwa sabuni mara mbili."

Kisha akatuma mjukuu wake nyumbani, naye akarudi na chupa ya jemu yenye mbegu za dania karibu nusu. Shosho alikuwa na desturi yake: kila msimu huacha mistari miwili kando ya ua bila kuguswa, mpaka mimea ikauke yenyewe, ili apate mbegu ya kupanda. Zile za chupani alizichuma wiki ya kwanza ya Agosti. Shamba lilelile, udongo uleule, pakiti moja ya mbegu kutoka duka moja la pembejeo, siku moja ya kupanda. Tofauti ilikuwa wiki tatu tu za kukaa shinani.

Nikamwomba sahani mbili nyeupe. Katika moja nikaponda kijiko cha mbegu za chupani. Katika ya pili, kijiko cha mbegu za gunia. Ya kwanza ilitoa harufu tamu, ya ganda la chungwa na pilau. Ya pili ilitupiga pua kwa harufu ambayo kila aliyewahi kulala bweni la zamani anaijua: kunguni aliyepondwa ukutani.

Nikachota mbegu kutoka magunia matatu, nikahesabu 200, tukazipanga juu ya shuka nyeupe. Zilizojaa, za mviringo kamili, rangi ya majani makavu, zilikuwa 83. Zilizobaki 117 zilikuwa za kijani kilichofifia, nyepesi, ngozi imekunjamana. Tukaponda kila kundi peke yake. Zile 83 zilinukia karibu sawa na za chupani. Kunguni wote walikuwa katika zile 117.

Kilichomo ndani ya tunda

Tunachokiita mbegu ya dania ni tunda kavu. Lina nusu mbili zilizokumbatiana, na kila nusu ina mbegu yake ndani. Likivunjwa taratibu kwa kucha, zile nusu hutengana kama njugu. Katika tunda hilo kuna mifereji ya mafuta ya harufu, yale mafuta mepesi yanayoruka hewani na kutufikia puani, nayo ni ya aina mbili.

Mifereji ya kwanza iko nje, chini tu ya ngozi. Hii inafanana na mifereji iliyomo katika majani na mashina, na mafuta yake ni yaleyale ya majani: yamejaa aldehidi, kemikali zenye harufu kali, hasa desenali na dekanali. Mifereji ya pili iko ndani, miwili kwa kila nusu, upande ule ambao nusu hizo mbili zinagusana. Huko ndiko hukaa mafuta mengine kabisa, ambayo mkubwa wao ni linaloli, ile yenye harufu ya maua na machungwa.

Tunda likiwa changa, mifereji ya nje imejaa na inatawala. Ukilifikicha, unachonusa ni jani la dania lililokolezwa mara nyingi. Tunda linapoiva, ngozi hupoteza maji, husinyaa na kukakamaa. Ile mifereji ya nje hubanwa, hupasuka, na aldehidi zake hupeperuka. Wakati huohuo mifereji ya ndani inaendelea kujazwa, tena imelindwa na mwili wa tunda, kwa hiyo hubaki. Ndiyo maana katika tunda lililoiva linaloli huwa kwa kawaida kati ya asilimia 60 na 80 ya mafuta yote ya harufu, na aldehidi huwa zimebaki mabaki tu.

Kwa hiyo lile neno la kunguni halikuwa tusi. Kunguni wenyewe hutoa aldehidi za ukoo huohuo, fupi kidogo kwa umbo, wakifinywa au wakishtuliwa. Wengi wanaochunguza asili ya maneno hulihusisha jina la Kigiriki la mmea huu, ambalo ndilo lililozaa jina lake la kisayansi Coriandrum, na neno la Kigiriki la kunguni, koris. Yaani kijana yule wa kupokea mizigo, kwa pua yake peke yake, alifikia walipofika Wayunani. Nilipomweleza shosho hivyo aliitikia kwa kichwa, akasema tu, "Si nilikwambia."

Mtu anaweza kuuliza: kama ni mafuta yaleyale ya majani, mbona majani tunayatia kwenye kachumbari na kuyasifu? Kwanza ni kipimo: jani lina mafuta kidogo sana, tena limechanganyika na nyanya, kitunguu na ndimu. Pili, hata jani si kila mtu analipenda. Wako wanaosema linanuka sabuni, na mwaka 2012 watafiti walihusisha hisia hiyo na sehemu ya jenomu yenye jeni za kunusa, mojawapo ikiwa ile iitwayo OR6A2, inayotambua aldehidi za aina hii. Tatu, na hili ndilo lililomhusu mnunuzi wetu, anayesaga bizari ya pilau anategemea mbegu ilete utamu wa linaloli ushikane na mdalasini na bizari nyembamba. Ukimletea jani lililokaushwa katika umbo la mbegu, umemharibia mchanganyiko mzima.

Hoja ya mwenyekiti

Mzee hakukubali upesi, na nafurahi hakukubali, kwa sababu hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema: "Lakini hii ya kijani inanuka kwa nguvu kuliko ile ya chupa. Harufu si ndiyo mafuta? Basi ya kijani ina mafuta zaidi. Tumepeleka bora, wakakataa."

Kwa upande mmoja alisema kweli. Ukipima mafuta ya harufu kwa asilimia ya uzito mkavu, mara nyingi tunda changa huonekana kuwa na zaidi ya lililokomaa. Lakini angalia kinachogawanywa. Tunda changa ni jepesi, halijajaza akiba yake. Kuanzia hapo hadi kukomaa linajazwa protini, nyuzi na mafuta mazito ya kupikia, yale yasiyoruka hewani, ambayo katika dania hufikia karibu sehemu moja ya tano ya uzito na kiungo chake kikuu ni asidi ya petroselini. Linavyozidi kujaa, mafuta ya harufu yanakuwa sehemu ndogo zaidi ya mwili mkubwa zaidi. Ni kama kutia kijiko kilekile cha chumvi katika sufuria ndogo na kubwa. Asilimia inashuka ingawa kijiko hakikupungua, na kwa upande wa linaloli kijiko kinaongezeka.

Halafu kuna suala la aina. Dania yenye tunda kubwa, kama ile ya India na Moroko, na ndiyo inayofanana na tunayonunua madukani hapa, ina mafuta ya harufu machache, mara nyingi chini ya asilimia 0.5. Ile yenye tunda dogo, chini ya milimita 3, inayolimwa Urusi na Ulaya Mashariki kwa ajili ya kukenekwa, yaani kutolewa mafuta ya harufu, hufikia asilimia 1 na kuzidi. Anayetaka kuuza mafuta aanze hapo, kwenye mbegu ya kupanda, si kwa kukata mapema.

Pua nayo ina upendeleo wake. Aldehidi hizi hunusika hata zikiwa kidogo mno. Kwa hiyo ukali wa harufu haukupi wingi wa mafuta. Unakupa habari ya aina ya mafuta. Mzee alilikubali hili baada ya kurudi mwenyewe kwenye zile sahani mbili, saa moja hivi baadaye. Sahani ya kijani ilikuwa imepoa sana. Ile ya chupani ilikuwa ingali inanukia.

Neno "kijani" lilitoka wapi

Nilimtafuta yule broka. Sikuona kama alikusudia kuwadanganya. Alikuwa amesikia mambo mawili ya kweli na kuyafunga pamoja vibaya.

La kwanza ni shamari. Maduka ya viungo Nakuru na Kisumu huuza shamari ya kutafuna baada ya chakula, ile nyembamba, ya kijani, laini na tamu, na bei yake iko juu. Shamari ya namna hiyo, ambayo India huitwa ya Lucknow, hukatwa makusudi ikiwa changa, imefikia kama nusu ya ukubwa wake. Kiungo chake kikuu cha harufu ni anetoli, ambayo tayari iko kwa wingi tunda likiwa bado changa, kwa hiyo kukata mapema hakumpi mlaji harufu ngeni, kunampa ulaini. Shamari na dania ni ndugu wa ukoo mmoja, wote wana maua ya mwavuli, lakini safari ya mafuta yao hailingani. Ndugu mwingine, kisibiti, ana safari yake pia: watafiti wa Uholanzi walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba tunda lake changa hutengeneza kemikali ya harufu iitwayo limonini kwanza, na baadaye kidogo ndipo kimeng'enya cha kuigeuza limonini kuwa karvoni kinapopata nguvu. Huyu akikatwa mapema hukosa ile karvoni inayompa jina lake sokoni. Ukijua mmoja, usidhani umewajua wote.

La pili ni dania yenyewe. Ni kweli kwamba katika masoko ya India dania ya rangi ya kijani huuzwa ghali, hata liko daraja lililopewa jina la kasuku kwa ajili ya rangi yake. Lakini kijani kile ni cha mbegu iliyokwisha jaa, iliyokatwa karibu nusu ya matunda yakianza kugeuka manjano, kisha ikakaushwa kivulini ili jua lisiipaushe. Kijani cha Bahati kilikuwa cha utoto. Kwa macho vinafanana. Mkononi na puani havifanani hata kidogo. Hakuna aliyemweleza broka tofauti hiyo, naye hakuwa na shamba la kumfundisha.

Makosa yaliyofuata baada ya kukata

Kukata mapema peke yake kusingeleta hasara kamili. Tunda la dania lililokatwa likiwa bado kwenye shina lake huendelea kuiva kiasi fulani, shina likilipa kile lilichobaki nacho, na ngozi husinyaa polepole hewani. Kwa kupukuchua siku ileile, kikundi kilikata hata hiyo riziki ya mwisho. Kwa kuanika juani siku tatu, maji yalitoka upesi, kazi yote ya uhai ndani ya tunda ikasimama, na mbegu changa zikabaki changa, zimekauka tu. Kisha ule mfuko wa plastiki. Aldehidi huendelea kupungua mbegu ikiwa mahali penye hewa. Wao walizifungia, na kila gunia likawa chupa ya manukato ya kunguni likisubiri kufunguliwa mbele ya mnunuzi.

Mfuko wa plastiki nilikuwa nimewashauri mimi, kwa ajili ya mahindi. Walichukua somo la zao moja wakalipeleka kwa lingine, jambo ambalo mtu yeyote mwangalifu angelifanya.

Kulikuwa pia na mbegu nyingi zilizopasuka katikati kwa sababu ya kupigwa fimbo kwa nguvu, maana mbegu mbichi haitoki shinani kwa urahisi. Zilizopasuka ndizo huachia mifereji ya ndani wazi, na linaloli kidogo iliyokuwamo huondoka.

Kilichookolewa

Tulimwaga magunia yote. Siku mbili za upepo mzuri wa mchana, akina mama walipepeta kwa ungo, na kwa kuwa mbegu changa ni nyepesi, nyingi ziliruka. Si zote, lakini nyingi. Magunia 11 yakawa sita na debe moja. Hizo sita tukazitandaza nyembamba juu ya nyavu chini ya paa la mabati, pande zote wazi, tukazigeuza kila asubuhi kwa wiki tatu.

Harufu ya kunguni ilipungua sana. Nataka nieleweke vizuri hapa: harufu mbaya ilipungua, lakini harufu nzuri haikuongezeka. Linaloli ambayo haikutengenezwa shambani haitengenezwi ghalani. Msagaji yuleyule aliyekataa alikubali kupokea magunia matano kwa bei ya chini, kwa ajili ya bizari anayoikaanga kabla ya kusaga, kwa sababu joto la kikaango hufukuza sehemu kubwa ya aldehidi zilizobaki. Kilichobaki kiliuzwa kwa gorogoro katika masoko ya karibu, muuzaji akieleza wazi ni dania ya namna gani.

Zile nyepesi zilizopepetwa, mwanachama mmoja alitaka kuziuza kama mbegu za kupanda. Shosho alikataa kabla sijafungua mdomo. Mbegu ambayo haijajaa haioti vizuri, na jirani atakayeipanda atapoteza msimu. Zikaenda kwenye mboji.

Msimu uliofuata

Dania haiivi kwa pamoja, na hapo ndipo penye kazi. Mwavuli wa shina kuu huchanua kwanza, kisha ya matawi, kisha ya vitawi. Hata katika mwavuli mmoja, maua ya ukingoni hutangulia ya katikati. Bahati iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, kuiva huenda polepole, na kati ya mwavuli wa kwanza na wa mwisho inaweza kupita wiki mbili na zaidi. Ukingoja wa mwisho uive, wa kwanza unapukutika chini. Ukikata wa kwanza ukiwa tayari, wa mwisho ni kunguni. Kwa hiyo swali la lini kukata halina jibu safi, na kila siku utakayoichagua ina unachopoteza.

Tulichokubaliana ni hivi. Mtu anaingia shambani asubuhi, anachuma mbegu 20 kutoka miavuli mikuu ya mimea tofauti, anaponda moja moja kwa ukucha wa kidole gumba na kunusa. Kama chungwa limeshinda katika nyingi, na nusu au zaidi ya miavuli ya shamba imegeuka kutoka kijani kuwa manjano ya majani makavu, wanakata. Wanakata asubuhi mapema umande ungalipo ili mbegu zisipukutike. Wanafunga mafungu madogo, wanayaning'iniza kichwa chini katika banda lenye hewa kwa siku 10 hivi, bila jua la moja kwa moja. Ndipo wanapukuchua, kwa mikono zaidi kuliko fimbo, wanapepeta, wanakausha hadi asilimia 9 au 10. Wakitumia kikaushio, joto lisizidi nyuzi 40. Magunia ni ya katani, bila plastiki.

Mvua ya Agosti ilikuja kama kawaida yake. Sehemu ya shamba ilinyeshewa, na mbegu zake zikawa na madoa. Walizitenga, hawakuzichanganya. Walipeleka magunia saba. Kijana wa kupokea alifanya vilevile alivyofanya mwaka uliotangulia: konzi, viganja, pua. Mzee alikuwepo, akaniambia moyo ulimdunda kuliko siku ya kutoa mahari. Kijana alifungua magunia yote saba, akaita wenzake wa mizani.

Sasa kuna ubishi mpya kikundini, nami nimekataa kuwa hakimu. Mzee anasema wakate nusu ya miavuli ikigeuka, kwa sababu ya mvua na kwa sababu mbegu ile huhifadhi rangi. Shosho anasema wangoje theluthi mbili, mvua au pasipo mvua, maana yeye hutazama harufu kwanza. Msimu huu wamegawa shamba katikati kwa kamba ya katani. Upande wa barabarani ni wa mzee, upande wa mtoni ni wa shosho, na kila upande utakuwa na magunia yake yenye alama.